Bi Hapana na Marekebisho ya Mwalimu Wake

Binti yangu anasoma kazi za watu na kuzikataa. Ndiyo kazi yake, na anapata mshahara kwa kazi hiyo.

Dada yangu aliposikia mara ya kwanza aliweka kikombe chini. Akasema yeye anawaambia watu hapana tangu azaliwe, na hajaona hata mmoja aliyemlipa. Akampa binti jina siku hiyohiyo: Bi Hapana. Jina likatoka nje ya nyumba kabla chai haijaisha. Sasa hata muuza maji analitumia, na binti anaitika.

Kazi yenyewe nitaieleza kama nilivyoielewa. Mimi nilikuwa fundi rangi. Shule sikwenda. Kusoma alinifundisha marehemu mke wangu tukiwa watu wazima, kwa vipande vya magazeti tulivyofungiwa vitu dukani.

Ndani ya kompyuta kuna chipu. Ni kidude cheusi, kidogo kuliko ukucha, na kazi yake ni kutunza siri. Funguo za kompyuta nzima ziko kwake. Haimpi mtu. Inamfungulia yule inayemjua, basi. Sasa kompyuta na chipu haziwezi kuongea ana kwa ana, hazijuani lugha. Kuna programu ndogo inayokwenda na kurudi katikati, inachukua neno huku na kulipeleka kule. Wenyewe wanaiita kiendeshi. Mimi naiita mshenga. Binti alicheka, lakini siku hizi akiongea na mimi naye anasema mshenga.

Mshenga huyo hana bwana mmoja. Ameandikwa na watu wengi waliotawanyika duniani, na yeyote anayeona kasoro anaweza kutuma marekebisho. Ila marekebisho hayaingii hivihivi. Lazima mtu mwingine ayasome mstari kwa mstari. Akiridhika anaandika chini yake, nimesoma, nakubali, na jina lake kamili. Jina hilo halifutiki. Mshenga akija kufanya fedheha, hata wajukuu watajua nani alikuwa shahidi. Na yote yanaandikwa hadharani, mbele ya kila mtu.

Kwa miaka mingi wasimamizi wa mshenga wamekuwa wawili tu. Binti yangu, na mzee mmoja wa mbali sana tunayemwita Mwalimu. Hawajaonana hata siku moja.

Binti anafanyia kazi chumba cha nyuma. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Nilimwambia nimpakie ukuta ule rangi nzuri, jirani hatakataa. Akasema usijisumbue, baba, siutazami. Meza ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kuna feni, kuna betri kubwa ya siku umeme ukikatika, na kuna kiti cha pili. Kiti hicho kilikuwa cha mama yake.

Maana ana namna yake ya kufanya kazi. Hasomi kimya. Anasema jicho linaruka, ulimi hauruki. Akipata marekebisho anayasoma kwa sauti, neno kwa neno, akimsomea mtu asiyejua chochote, huku anaeleza: hapa anaingia, hapa anauliza, hapa anatoka. Msomewaji alikuwa mama yake. Mama anachambua maharage kwenye ungo, anaitikia ehe, ehe. Mara moja moja anasema hapo sijaelewa. Binti anasimama, anarudi nyuma, anatafuta. Mara nyingi hapakuwa na kosa. Mama alikuwa amechoka tu, anataka chai.

Mama alipofariki kiti kilikaa wazi. Siku moja binti akaniita. Akakivuta. Nikakaa.

Mimi si msikilizaji kama yule. Nasinzia. Siku moja akaniuliza kama nimelala, nikamwambia nasikiliza kwa kufumba macho. Akasema basi nirudie alichosema. Nikasema mshenga ameingia. Akasema ameshatoka zamani.

Aliolewa, akarudi. Hatukuuliza. Kaka yake yuko mbali, hupiga simu akikumbuka, na akipiga anaongea kwa haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Majirani wanamsalimia binti vizuri, lakini hawajui wamuulize nini. Ukimuuliza fundi magari kazi inaendaje, atakuonyesha gari. Yeye atakuonyesha nini? Watu anaoongea nao kutwa ni majina kwenye kioo. Na katika majina hayo, moja tu ndilo lililokuwa na uzito ndani ya nyumba yetu.

Alipoanza alikuwa anatengeneza simu kwenye kibanda sokoni. Kompyuta yake ilikuwa ya kuokoteza, bawaba imekatika, kioo ameegemeza kwenye kopo la rangi yangu. Akatuma marekebisho yake ya kwanza. Mwalimu akayakataa. Akatuma tena, akayakataa tena. Kila mara anaandika sababu, kirefu, bila kubembeleza. Binti alilia. Mama yake akasema mtu huyu angekuwa mtaa huu angemfuata kwake na mwiko. Ikaenda hivyo miezi. Halafu siku moja Mwalimu akaandika nakubali. Mama akauliza, ndilo hilo tu? Binti akasema ndilo hilo tu. Mama akafikiri kidogo, akasema haya, tumsamehe.

Huyo Mwalimu naye akafiwa na mkewe. Ilikuwa miezi michache baada yangu mimi. Aliwaandikia wenzake wote wa kazi hiyo maneno machache, kwamba mkewe amefariki na atakuwa kimya. Akawa kimya kweli. Binti akabeba mzigo wa watu wawili. Hakulalamika. Nilikuwa namsikia akisoma kwa sauti hata siku ambazo sikukaa naye.

Kimya hicho kikiendelea, yakaja malalamiko. Muuguzi wa zahanati fulani aliandika kwamba kompyuta yake akiifunika inalala, akiifunua inaamka, lakini ikiamka inakataa kumfungulia majalada ya wagonjwa. Wengine wakasema na zao hivyohivyo. Wakatafuta chanzo, wakakipata. Kompyuta ikiwa inakwenda kulala, kuna wakati mshenga anatumwa kwa chipu dakika ileile. Anaikuta nusu macho, nusu usingizini. Inachanganyikiwa. Ikiamka haimjui mtu. Kama sisi wazee.

Alhamisi moja asubuhi binti akaja sebuleni mbiombio, kandambili mguu mmoja. Akasema Mwalimu amerudi. Ameona malalamiko, na ametuma marekebisho. Sikuwa nimeuona uso wake umechangamka vile tangu msiba. Akanishika mkono, twende ukasikilize.

Mwalimu alikuwa amemwekea mshenga mlango na kufuli. Mshenga akiingia kwa chipu anafunga nyuma yake, asije mwingine akaingia juu yake. Akimaliza anafungua, anatoka. Na kama akiingia akakuta kompyuta inajiandaa kulala, asiseme neno, ageuke arudi zake. Binti alisema wazo ni zuri, ni la mtu anayeijua kazi. Chini yake majina mawili yalikwishawekwa. Ni wasomaji wengine, hawamjui sana mshenga. Wote wameandika nimesoma, nakubali, na mmoja akaongeza, karibu tena mzee wetu, tulikukosa.

Binti akashika kijiti chake cha kufuatia mistari, akaanza.

Anaingia. Anafunga. Anatazama. Kompyuta inalala? Inalala. Anarudi zake.

Akanyamaza. Nilidhani ameona mjusi.

Akaanza upya, polepole. Anaingia, anafunga, anatazama, anarudi zake. Kijiti kikabaki pale pale. Akasoma mara ya tatu bila sauti, na hiyo sijawahi kumwona akifanya.

Akanieleza akiwa hanitazami. Mshenga ametoka bila kufungua kufuli. Ndani hamna mtu na mlango umefungwa. Kila atakayekuja baada yake atasimama nje, akidhani mwenzake bado anaongea. Atasimama na mwingine nyuma yake, na mwingine, mpaka mwenye kompyuta aizime kwa nguvu. Muuguzi yule atakuwa ametolewa kwenye shimo na kutiwa kisimani.

Nikauliza kama ni kosa gumu kuonekana. Akasema ni kosa la wanafunzi. Mtu yeyote aliyesoma kweli angeliona. Wale wawili hawakusoma. Waliweka majina kama watu wanavyotoa rambirambi.

Hapo ndipo nilipoona anakwama. Jumapili mlango wa marekebisho unafungwa, yaliyokubaliwa yanakwenda kwenye kompyuta za watu. Mwenye neno alitoe kabla. Na neno lenyewe linatolewa hadharani. Mtu ametoka kumzika mkewe, amenyanyuka kwa mara ya kwanza, watu wamempokea vizuri, halafu mwanafunzi wake asimame mbele ya dunia amwambie umesahau kufuli. Akasema anaogopa Mwalimu ataweka kalamu chini asiishike tena. Na akiiweka, yeye naye hana mtu.

Mchana dada yangu akaja. Binti akamweleza, maana shangazi mtu hakuachi mpaka umweleze. Dada akasema mambo ni rahisi. Mfiwa hasukumwi. Binti arekebishe mwenyewe kimyakimya, aweke jina la mzee juu, nani atajua? Binti akasema ni Mwalimu mwenyewe aliyemfundisha kwamba jambo la mshenga halisemwi uchochoroni. Dada akasema basi na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesahau kufuli, hayo mafundisho yake aanze nayo yeye. Tukacheka kidogo. Binti hakucheka.

Jioni ilipita hajaandika kitu. Ijumaa asubuhi vilevile. Nilimwona anafungua, anasoma, anafunga.

Mimi nikaenda kunyolewa. Pale kwa kinyozi hukaa mshona viatu, mtu ambaye angebishana na malaika mtoa roho kuhusu saa. Miaka yote nikisema jua ni kali, yeye anasema jana lilizidi. Siku hiyo, sijui nini kilinituma, nikasema daraja lile la chini lilijengwa kabla ya shule. Si kweli. Kila mtu pale anajua shule ilitangulia, wengine walisoma humo. Kinyozi akasema kweli mzee. Aliyekuwa kwenye kiti akasema kweli. Nikamtazama mshona viatu. Akavuta uzi wake, akasema, "Ni kweli kabisa, mzee wangu."

Nikarudi nyumbani.

Marehemu alikuwa mtu wa kubisha. Geti letu nililipaka kijivu nikiwa kijana. Yeye akasema ni bluu. Tumeishi na geti lile, tumezaa, tumelea, yeye bluu, mimi kijivu, hata hospitalini alimwambia nesi nyumba yetu ni ile ya geti la bluu. Sasa nikisema kijivu, watu wote wanasema kijivu. Hakuna utamu wowote.

Nilimkuta binti amekaa na mikono mapajani. Kompyuta imefunikwa. Nikakaa kwenye kiti bila kuitwa.

Nikamuuliza, "Kosa ni kosa?"

"Kosa ni kosa, baba."

"Basi mwambie."

"Amefiwa."

"Na mimi nimefiwa," nikasema. "Tangu mama yako aondoke hakuna mtu anayenibishia. Nikisema usiku ni mchana, mnazima taa. Mnadhani mnanihurumia. Mimi naona kama mmenizika naye."

Alinitazama kutoka juu hadi chini, kama anavyotazama kazi ya mtu. Kisha akasema, "Baba, shati umelivaa ndani nje."

Nikajitazama. Kweli. Mishono yote iko nje, na lebo ya shingoni inaning'inia kama ulimi. Nilikuwa nimetoka nalo, nimepita kwa muuza maji, nimekaa kwa kinyozi saa nzima.

"Tangu lini umeliona?"

"Tangu asubuhi."

"Na hukusema."

"Sikusema. Nisamehe, baba."

Nikalivua pale pale, nikaligeuza. Yeye akafunua kompyuta.

Hakuandika mengi. Alinisomea kabla ya kutuma. Mwalimu, wazo ni zuri, nalitaka liingie. Lakini mshenga akikuta kompyuta inalala anatoka bila kufungua, na wote wanaokuja baadaye watasubiri milele. Napendekeza afungue kwanza ndipo arudi. Kwa sasa siwezi kuweka jina langu. Akaongeza pendekezo la neno moja alilotaka libadilishwe mahali pengine. Hakuweka pole, wala karibu tena, wala mzee wetu. Nikamuuliza kama pole haifai. Akasema pole alishamwandikia wakati wake. Hapa ni kazini.

Akatuma. Kisha akaikalia mikono yake miwili.

Jibu halikuja siku hiyo. Wale wawili ndio waliojibu. Mmoja aliondoa jina lake bila kusema neno. Mwingine, yule wa tulikukosa, alimuuliza binti mbele ya wote kama asingeweza kusubiri hata kidogo, mtu bado yuko msibani. Binti alinisomea na hilo, kwa sauti ileile ya kusomea kazi. Hapa anaingia, hapa anauliza, hapa anatoka.

Jumamosi hakula. Dada yangu alikuja, akamtazama mlangoni, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi. Alipomaliza aliniambia pembeni kwamba kama mzee yule ameanguka kwa presha, dhambi ni yetu sote, na yangu ndiyo kubwa. Nikamwambia sawa. Nami nilikuwa nawaza hivyohivyo. Nilimwambia mtoto aseme kwa sababu mimi ndivyo ningependa kuambiwa. Nani amesema wafiwa wote ni mmoja? Yule simjui. Pengine yeye alihitaji kuachwa na kufuli lake.

Jumapili mchana nilikuwa uani naanika shuka. Akaniita kwa sauti niliyoshindwa kuitambua ni ya heri au ya shari. Nikaacha beseni.

Mwalimu alikuwa amejibu kirefu, kama zamani. Hakuanza na shukrani wala malalamiko. Alianza na kosa. Akaeleza lilivyoingia, kwamba alipoandika alikuwa anafikiria mlango wa kuingilia tu, wa kutokea hakuufikiria. Akaandika upya. Kisha akageuka kwa binti. Akamwambia lile neno alilopendekeza libadilishwe halifai hata kidogo, na akaeleza kwa nini, mistari na mistari, kwa ukali wake uleule.

Binti alipofika hapo alishindwa kuendelea. Anacheka, machozi yanamtoka, anayafuta kwa kiganja.

"Ananibishia," akasema.

Akayasoma marekebisho mapya yote tangu mwanzo, hakuruka hata pale palipokuwa sawa. Anaingia, anafunga, anatazama, anafungua, anarudi zake. Siku hiyo sikusinzia. Akaandika nimesoma, nakubali, na jina lake. Mlango wa marekebisho ulikuwa bado haujafungwa. Yakaenda.

Kulikuwa na aya nyingine chini kabisa ambayo hakunisomea mpaka jua linazama, tukiwa tunakunywa chai. Mwalimu aliomba jina lake litolewe kwenye wasimamizi wa mshenga, libaki la binti. Alisema macho yamechoka, na nyumba ina kazi nyingi ambazo zamani hakujua kama zipo. Kwa muda mrefu alikuwa anaogopa kuondoka, kwa kuwa hakujua kama yuko mtu anayeweza kumkatalia mtu anayemheshimu. Sasa amejua, anaweza kupumzika.

Nikamwambia binti hiyo ni heshima kubwa. Mzee amekuamini.

"Ameniamini, ndiyo," akasema. "Lakini mimi, baba, nani atanikatalia?"

Mimi ni mtu wa ehe. Nikamwambia chai imepoa. Akasema haijapoa.

Tangu hapo anasimamia peke yake. Kazi za watu zinakuja, anazisoma, nyingi anazirudisha. Muuguzi wa zahanati aliandika kwamba kompyuta yake sasa inaamka vizuri. Hakujua amshukuru nani, akashukuru wote. Wiki iliyofuata binti alituma kazi yake mwenyewe, rekebisho dogo, mistari michache. Juu yake aliandika kwamba anaomba mtu alisome kwa makini, asimwonee haya.

Mpaka leo halijasomwa. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, anafungua kuangalia. Hakuna kitu. Anakaa kidogo. Kisha anavuta kazi ya mtu mwingine, anashika kijiti, anaanza kusoma.